Ujumbe wa Shule Ulioachwa Bila Kusomwa

Huku kwetu mlimani, pembeni mwa Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, baridi ya Januari haina mzaha. Ukiacha ndoo ya maji karibu na mlango, asubuhi unakuta barafu. Ndiyo maana anayeamka wa kwanza hukimbilia jiko kabla ya jambo lolote.

Kwa akina Khulan, aliyeamka wa kwanza alikuwa mama yake, Zolzaya. Alizoa majivu, akatia makaa ya mawe, akawasha, kisha akabandika chai ya maziwa yenye chumvi. Nyumba yao ni ya duara, imefunikwa kwa manyoya mazito ya kondoo. Jiko liko katikati. Bomba la moshi linapanda wima na kutokea juu ya paa.

Walikuwa watu wanne ndani. Zolzaya. Binti yake Khulan, wa darasa la tatu. Temuge, mdogo wake Khulan, ambaye bado hajaanza shule. Na bibi yao Dulmaa, mama mkwe wa Zolzaya. Baba yao, Badral, ni dereva wa lori la makaa kule jangwani kusini. Huwa haonekani nyumbani kwa wiki nyingi.

"Simu yako inawaka," alisema bibi Dulmaa akiwa kitandani.

"Iache iwake, mama. Ni kundi la shule."

"Wanataka nini alfajiri yote hii?"

"Mmoja anauza viatu. Mwingine, leo ni siku ya kuzaliwa ya mtoto wake, basi darasa zima linampongeza. Halafu mwalimu atakuja kusema nani hajaleta nini, na mimi nimo. Kila siku nimo. Nimeizima sauti yake."

Bibi Dulmaa alicheka kidogo. "Zamani mwalimu alikuja kwa farasi. Ukimwona kwa mbali, unapata muda wa kujificha."

Khulan aliketi kitandani akiwa ameshika kichwa.

"Mama, kinaniuma tena."

"Kama jana?"

"Kama jana. Na tumbo linachafuka."

"Hata mimi kichwa kizito," alisema bibi. "Ni huu upepo." Alimpa mjukuu wake kipande cha jibini kavu chenye uchachu. "Nyonya hiki. Kitakutoa kichefuchefu."

Khulan alinyonya jibini, akavaa koti, akatoka. Zolzaya naye akaondoka kwenda kazini. Alipika katika mgahawa karibu na soko, akikunja maandazi ya nyama tangu asubuhi hadi vidole vife ganzi.

Shuleni, mwalimu wa Khulan aliitwa Uyanga. Alikuwa mwalimu kijana, mwenye darasa la watoto wengi kupita kiasi. Aligundua kitu. Khulan alifika kila asubuhi akiwa amelegea, rangi imempotea. Ilipofika saa ya mapumziko alikuwa anacheza kama wenzake.

"Khulan, kichwa kinaanza saa ngapi?"

"Nikiamka."

"Na hapa shuleni?"

"Hapa kinaacha."

"Nyumbani nani mwingine anaumwa?"

"Bibi. Na Temuge jana alitapika."

Mwalimu Uyanga alisimama mbele ya darasa. Siku hiyo aliwafundisha watoto wote. Makaa yanatoa gesi isiyoonekana na isiyo na harufu. Ukikuta watu wamelala na hawaamki, fungua mlango wazi, mtoe unayemweza, ita mtu mzima. Usikae ndani kumsubiri mwingine aamke.

Jioni aliandika kwenye kundi la wazazi. Aliandika ujumbe mmoja mrefu, kama alivyozoea. Kisha akamwambia Khulan kesho yake, "Mwambie mama asome ujumbe wangu."

Khulan alimwambia.

"Nitausoma nikimaliza kuosha vyombo," alisema Zolzaya. Lakini alipomaliza vyombo, aliketi tu kupumzika, na usingizi ukamchukua akiwa na aproni yake.

Keshokutwa yake baridi ilizidi. Bibi Dulmaa alibaki nyumbani na Temuge. Alitia makaa mengi jikoni. Yalipokuwa mekundu, alisukuma kile kibati kinachoziba bomba, ili joto lisitoke. Alivuta pia kamba ya pazia la manyoya linaloziba tundu la paa. Ndivyo alivyofanya tangu akiwa mke kijana, kule malishoni, walipochoma kinyesi kikavu cha ng'ombe. Hapa mjini walichoma makaa ya mawe, na bomba halikuwa limesafishwa tangu majira ya baridi yaanze.

Khulan alirudi kutoka shule mchana. Mbwa alikuwa akibweka mbele ya mlango. Ndani palikuwa na joto na kimya. Bibi alikuwa ameegemea kitanda, uzi wa kushonea bado mkononi. Temuge alikuwa amelala sakafuni kando yake.

"Bibi," aliita Khulan. "Bibi, amka."

Bibi hakuamka.

Khulan aliufungua mlango hadi mwisho. Alimshika Temuge kwapani, akamburuta hadi nje kwenye theluji. Kisha akapiga kelele kumwita Tsermaa, jirani yao wa ua wa pili.

Tsermaa alikuja mbio bila kofia. Alivuta pumzi nje, akaingia, akamtoa bibi kwa kumvuta kwa nguo. Akapiga simu kuita gari la wagonjwa. Alimfunika Temuge kwa koti lake na kumpigapiga mashavu. Mtoto alitapika, akaanza kulia. Tsermaa akasema, "Lia, mwanangu. Lia zaidi."

Bibi Dulmaa hakulia wala hakutapika. Wahudumu wa gari walipofika walimhangaikia pale pale uani. Baadaye mmoja wao alivua glavu zake, na Tsermaa akamgeuza Khulan uso, asione.

Hospitalini walimwekea Temuge hewa ya oksijeni. Zolzaya alifika akiwa na unga kwenye nyusi. Nesi mmoja, mama wa makamo aitwaye Gerelmaa, aliketi naye kwenye benchi la ukumbini.

"Mtoto atapona," alisema nesi. "Lakini nataka unisikilize, dada, maana jioni mtarudi kwenye nyumba ile ile. Nani alikuwa akiumwa kichwa siku hizi?"

"Wote. Mimi kidogo. Tulidhani ni upepo."

"Mkitoka nje, mnapata nafuu?"

Zolzaya alifikiri. "Ndiyo. Nikifika kazini kinaisha."

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Watu wa nyumba moja wanaumwa pamoja, wakitoka nje wanapona. Hayo siyo mafua. Mafua yanakufuata mpaka kazini. Ile ni gesi ya makaa. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa safi. Mtu anapungukiwa hewa huku anapumua."

"Tuliwapa jibini chachu."

"Wengi wanafanya hivyo. Wengine wanakunywa maji ya kabichi. Havina kazi. Dawa ni kutoka nje na kuja hospitali mapema."

Nesi alipoondoka, Zolzaya alitoa simu ili amweleze mumewe. Akaona lile kundi la shule. Sijui nini kilimfanya alifungue wakati ule. Alipitia viatu, keki na pongezi, akaufikia ujumbe wa mwalimu. Ulianza na viatu vya kuvaa darasani. Ukaja upigaji picha. Ukaja usafi wa kucha. Mwishoni kabisa uliandikwa hivi: "Wazazi ambao watoto wao wanaumwa kichwa kila asubuhi, tafadhali kagueni jiko. Msizibe bomba makaa yakiwa bado yanawaka. Ofisi ya mtaa inagawa vifaa vya kupima gesi bure."

Alisoma mara moja. Kisha akaiweka simu benchini, uso wake chini, kama kitu kinachounguza.

Badral alifika siku ya mazishi, macho mekundu kwa safari. Baada ya wageni kuondoka alimwuliza mkewe kwa sauti ya chini.

"Mwalimu aliandika?"

"Aliandika."

"Na simu unayo mkononi siku nzima."

"Ninayo."

"Mama yangu, Zolzaya."

"Najua ni mama yako. Nimeishi naye zaidi kuliko wewe."

Khulan aliwasikia. Alimvuta Temuge karibu na kumfungulia kifuniko cha kikombe chake, ingawa Temuge alijua kukifungua mwenyewe.

Siku chache baadaye mwalimu Uyanga alikuja. Hakutaka kuketi. Zolzaya alimmiminia chai bila kumtazama.

"Nimekuja kutoa pole, mama Khulan."

"Asante."

"Na nimekuja kusema kwamba nilipaswa kukupigia. Nilimwona mtoto kwa macho yangu."

Zolzaya aliweka birika chini. "Mwalimu, nilikuwa nimezima sauti ya kundi lako. Hilo ni langu, nitaishi nalo. Lakini uliandika habari ya kufa chini ya habari ya kucha. Hata ningefungua, sijui kama ningefika mwisho."

Mwalimu Uyanga aliketi. Aliweka mikono magotini.

"Ni kweli," alisema. "Niliandika kila kitu ili nimalize kazi. Sikufikiria mtu anayesoma akiwa amechoka."

"Na majina. Kila wiki unaandika nani hajaleta nini. Mtu akiona jina lake kila mara, anaacha kufungua."

"Sitaandika majina tena."

Nesi Gerelmaa naye alifika wiki ile, akiwa na fundi wa ofisi ya mtaa. Fundi alilishusha bomba la moshi na kuligonga. Masizi yalimwagika kwenye theluji, meusi, ndoo nzima. Badral aliinama kuyatazama.

"Safisheni kila mwezi wakati wa baridi," alisema nesi. "Kibati hiki msikisukume mkiona bado kuna wekundu jikoni, hata mkisikia baridi. Ongezeni blanketi. Kifaa hiki cha kupima gesi kining'inie ukutani karibu na mnapolala. Kikilia, mnatoka wote, mnaacha mlango wazi, mnapiga simu. Hamrudi kuchukua kitu. Na betri yake mnaijaribu kwa kubonyeza hapa."

Badral alibonyeza. Kifaa kikalia kwa ukali. Temuge akaziba masikio.

"Vizuri," alisema nesi. "Kila mtu aijue sauti hiyo."

Kesho yake Badral alipanda juu ya paa mwenyewe na kupitisha brashi ndani ya bomba, akaenda pia kwa Tsermaa kumsafishia la kwake. Kabla ya kurudi kazini, aliliondoa lile pazia la paa na kulibadili kwa lingine ambalo haliwezi kuzibwa kabisa. Mkewe alimshikia ngazi. Walikuwa wameanza kuongea, maneno machache, ya kazi.

Shuleni nako mambo yalibadilika. Mazungumzo ya wazazi yalihamishiwa kundi jingine. Lile la darasa likabaki la matangazo tu, na ni mwalimu pekee anayetuma. Ujumbe mmoja, jambo moja. La hatari linatangulia na linakuja peke yake. Wazazi wote hujibu "nimepata". Asiyejibu hadi kesho yake, mwalimu humpigia. Karatasi yenye maneno hayo hayo hubandikwa dukani tunaponunua makaa, maana hapo kila mtu hupita.

Kulikuwa pia na wasioweza kusoma vizuri, hasa mabibi na mababu wanaolea wajukuu. Mwalimu alimwomba Zolzaya awarekodie kwa sauti. Mwanzoni alikataa.

"Watasema, huyu ndiye aliyemuua mkwewe."

"Watasema," alijibu Tsermaa, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi. "Wanasema tayari. Lakini watasikiliza."

Basi Zolzaya alirekodi. Alisema hivi: "Mimi ni mama yake Khulan. Mama mkwe wangu Dulmaa aliuawa na gesi ya makaa mchana, akiwa anashona. Kama nyumbani mnaumwa kichwa pamoja, tokeni nje sasa hivi. Msiendelee kunisikiliza. Tokeni kwanza."

Majira ya baridi yaliyofuata, mwanamume mmoja aliingia mgahawani na kumwulizia Zolzaya. Anaishi upande wa pili wa bonde, ana mtoto darasa moja na Khulan. Kifaa chao kililia walipokuwa wanakula. Mkewe alitaka kukizima, akidhani kimeharibika. Mama yake mwanamume huyo, ambaye hajui kusoma, alimshika mkono mkwewe na kusema yule mwanamke wa kwenye simu alisema tokeni kwanza. Walitoka wote sita. Fundi alikuta bomba limepasuka nyuma ya jiko.

Alimletea Zolzaya mfuko wa keki za kukaanga. Zolzaya aliupokea kwa mikono miwili, akarudi jikoni kukunja maandazi, kwa sababu wateja walikuwa wakingoja.

Jioni alimweleza Khulan. Temuge alikula keki hadi akashiba. Khulan hakula. Alikuwa anafikiri.

"Mama, kama ujumbe ule ungekuja kwa sauti, na ungekuwa mfupi, bibi angekuwepo?"

Zolzaya angeweza kusema mengi. Alimtazama binti yake, akaona ameshakua.

"Nafikiri angekuwepo," alisema.

Khulan aliitikia kwa kichwa. Alichukua koleo, akachungulia jikoni kama bado kuna wekundu, akaliacha bomba wazi. Kisha akaongeza blanketi juu ya mdogo wake.