Jiwe la Twiga Watatu

Mwili wa Bartolomayo Mbogoni ulilala chali katika Korongo la Hembe, mita ishirini na tano chini ya mwamba wenye michoro ya kale. Kando yake lilikuwa bomba la chuma la kizuizi cha ukingoni.

"Chuma kimevunjika," alisema Koplo Miriam. "Ajali."

Inspekta Kefa wa polisi Kondoa alipanda hadi juu, akapiga magoti penye nguzo zilizokuwa zimeshikilia bomba. Nati mbili hazikuwepo. Bolti hazikuwa zimepinda hata kidogo. Alipitisha kidole, kikatoka na grisi mbichi.

"Kimefunguliwa," alisema.

Mke wa marehemu, Generosa, alikuwa amekaa chini na wanawe wawili.

"Pole sana, mama. Nani alikuwa karibu naye?"

"Yule dada anayetutembeza. Sisi alituambia tubaki kivulini. Mume wangu akaitwa peke yake, eti pale ukingoni picha inatoka vizuri."

Dada huyo aliitwa Devota. Kwa miaka minane alikuwa ametembeza wageni pale, na hakuna aliyewahi hata kuteguka mguu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulimfahamu marehemu?"

"Hapana. Mgeni kama wageni wengine."

"Kizuizi ulikikagua lini?"

"Jana. Kilikuwa kizima."

Alama za vidole vyake zilikutwa kwenye bolti, lakini mtu anayekagua kizuizi hukishika. Kefa alihitaji sababu. Kesho yake aliendesha gari hadi Mkonze, nyumbani kwa marehemu.

Sebuleni, juu ya televisheni, kulikuwa na bamba la jiwe lililopachikwa ukutani. Twiga watatu wa rangi nyekundu, shingo ndefu kuliko kawaida. Kingo zake zilikuwa na alama za msumeno.

"Hili alilipata wapi?"

"Alisema alipewa na wanakijiji," Generosa alijibu, "enzi zile alipokuwa mkandarasi wa barabara ya kule korongoni."

Kefa alirudi Kondoa, akafukua majalada. Miaka kumi na tatu iliyopita, jiwe la twiga watatu lilikatwa na kuibwa. Shahidi wa kwanza, mkandarasi Bartolomayo Mbogoni, aliapa kwamba alimwona mlinzi akilikata. Mlinzi, Nathanaeli, alifungwa miaka mitano. Alifia gerezani mwaka wa pili. Alimwacha binti mmoja.

Nyumbani kwa Devota, ndani ya gunia la uwele, polisi walikuta spana na nati mbili.

Kefa aliziweka mezani mbele ya Devota, akamsomea onyo.

"Si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa."

"Andika."

"Ulijuaje kwamba ni yeye?"

"Picha ya harusi ya binti yake mkubwa. Ilizunguka kwenye simu. Maharusi wamesimama sebuleni, nyuma yao twiga wa baba."

"Ungekuja kwetu."

"Baba alisema ukweli mbele yenu, afande. Mkamwamini mwenye gari."

Kefa aliinamisha macho kwenye karatasi.

"Ulipanga lini?"

"Wiki tatu zilizopita, alipopiga simu kuomba kutembezwa na familia yake. Nikamwambia karibu, nitakutembeza mwenyewe."

"Hukusita?"

"Nilisita. Alipofika ukingoni nilisimama karibu, kiasi cha kuweza kumshika mkono. Nikamuuliza kama anamkumbuka mlinzi Nathanaeli. Angesema hata pole, afande, ningemvuta."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Nathanaeli yupi?' Wala hakunigeukia. Alikuwa anajitengeneza kola. Nikamwambia aegemee."

Koplo Miriam aliacha kuandika.

"Unajuta?" Kefa aliuliza.

"Kwa wale watoto, ndiyo. Wameona kwa macho yao. Kwake yeye, hapana."

Alisukumiwa karatasi. Alisoma kila mstari, polepole, kisha akaomba kalamu na kuandika jina lake kamili kwa herufi kubwa: DEVOTA NATHANAELI.