Popote Isipokuwa Rwezamenyo

Njia ya mtandao ya kwenda Kabuga ilikuwa imehama yenyewe. Mukunde aliigundua asubuhi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, jiji zima likiwa limefunga maduka na kushika majembe, yeye akiwa peke yake katika chumba cha mitambo cha kampuni ya intaneti, Kimihurura. Kazi yake ilikuwa kuuwekea mtandao masharti: njia isijae, isichelewe, isipite penye hitilafu. Mtambo ulichagua katika njia zilizobaki. Leo ulikuwa umechagua kuzungukia Rwezamenyo, upande usio wa Kabuga kabisa, na njia fupi ilikuwa nzima na tupu.

Aliirudisha. Ikahama tena. Chumba kikaanza kunuka udi.

Binti yake, Kirezi, aliishi Kabuga kwa bibi yake, kwa kuwa zamu za mama hazikuacha mtu wa kumpikia. Walionana kwa simu ya video tu. Mukunde akampigia.

"Umekula?"

"Viazi. Mama, uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Na huyo iko nyuma yako?"

Mukunde hakugeuka. Alisikia pumzi ikivutwa polepole, karibu na shingo.

"Anasema kwake hakuna mtu," alisema Kirezi. "Anauliza kama kwetu iko nafasi."

"Kata simu. Nenda kwa bibi."

Akampigia Maalim Habumugisha, mwenye nyumba ambamo kampuni ilikuwa imepanga chumba cha kituo chake cha Rwezamenyo.

"Vijana wenu walitoa chetezo changu mle chumbani," alisema Maalim. "Niliwaambia kuna mwenyeji. Mmoja akauliza kama analipa kodi."

"Amesema na mwanangu, Maalim."

"Usiguse kitu, binti yangu. Naja kwa miguu, leo hakuna gari."

Lakini pumzi ilikuwa imehamia sikioni, na udi ulikuwa umemjaa kooni, na kwenye kioo cha kompyuta njia kutoka Rwezamenyo ilizidi kunyooka kuelekea nyumba ambamo mtoto alikuwa na kikongwe tu, basi Mukunde akafanya alichokifanya siku zote kwa kituo kibovu, akaandika sharti jipya: njia ipite popote isipokuwa Rwezamenyo.

Harufu ikakatika. Pumzi ikakoma.

"Nimemfungia," alimwambia Maalim, aliyekuwa bado kwenye simu.

"Ukamwambia aende wapi?"

"Popote, ila si hapo kwako."

Maalim akasikika akihema mlimani. "Jini hutolewa kwa kuonyeshwa pa kwenda," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe umempa kila mahali."

Mukunde akatazama kioo. Njia mpya ilikuwa imeshapatikana, fupi, moja kwa moja hadi Kabuga.

Akapiga. Kirezi alipokea, ameketi wima mezani, akitabasamu, akivuta pumzi polepole. Nyuma yake bibi alipita, akarudi, akainama kuchungulia chini ya meza, akiliita jina la mtoto aliyekuwa amekaa mbele ya macho yake.