Chambo wa Sachangwan

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la mitumba, Kaptembwo.

Kipruto, kiongozi wao, aliweka vizibo viwili vya soda mezani, mbele ya Mbugua na Jerotich. "Hii ni gari ya Mbugua, hii yangu. Tukimaliza na duka la simu Bahati, yeye anatangulia, gari tupu. Pale Sachangwan, kwa kizuizi cha polisi, makarao wakiona rasta zake, wote wanamkimbilia. Watapekua mpaka soksi. Mimi napita na mzigo."

"Na mimi?" Jerotich aliuliza.

"Wewe ni bibi yangu. Funga kitambaa, shika Biblia."

Jerotich akacheka, akamnyoosha tai. Mwaka jana kicheko hicho kilikuwa cha Mbugua. Mbugua akaona wivu. Rasta zake zilikuwa zimemlaza seli mara ngapi bila kosa! Leo zimemfanya chambo, na mwenzake anajibebea mzigo na mwanamke. Basi tukose wote, akajiambia.

Saa tano. Duka lilivunjwa bila risasi. Mlinzi alifungwa kamba, katoni zikaingia buti la Kipruto. Mbugua akamvuta Jerotich kando.

"Usipande na yeye. Chukua basi, tupatane Molo."

"Kwa nini?"

"Nisikize tu, Jero."

Jerotich akamtazama kidogo. "Sawa."

Mbugua akaamini. Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mwenye wivu husikiliza methali ya nani?

Saa saba. Salgaa, kwa kinyozi. Rasta za Mbugua zilianguka sakafuni zote. Akavaa koti la suti na miwani.

Saa nane. Sachangwan.

Afande aliinama dirishani. "Habari, mzee. Pita tu."

Hata kitambulisho hakuulizwa. Nyuma yake Kipruto, akidhani askari wamezama kwenye gari la rasta, alikuja mbio bila kupunguza. Misumari ikavutwa barabarani, magurudumu yakapasuka. Buti likafunguliwa. Kwenye kioo Mbugua akamwona mwanamke wa kitambaa akishushwa kutoka kiti cha mbele.

Alisimamisha gari, akarudi mbio.

"Afande, muachilie! Hajui kitu! Mwizi ni mimi!"

Jerotich akakitazama kile kipara, akaelewa.

"Kumbe ni wewe," alisema. Akageuka, akaushika mkono wa Kipruto uliokwisha kutiwa pingu.

"Mimi ndiye nilipanga!" Mbugua alilia. "Nishikeni na mimi!"

Afande alimsukuma polepole, kwa adabu.

"Mzee, rudi kwa gari yako. Unafunga barabara."