Noti Kwenye Paji la Uso

Mtindi ulimmwagikia Dunja kwenye gauni lake la buluu katikati ya stendi ya mabasi ya mji wa Niš, Ijumaa alasiri, watu wakipigana vikumbo kila upande. Aliyeumwaga alikuwa kijana mrefu, sanduku la tarumbeta begani, kipande cha bureki, andazi la nyama, mdomoni.

"Samahani, dada. Mikono ilinijaa."

"Mtindi ungeuacha dukani."

"Ningeuacha, ningekupita hivihivi."

Dunja, aliyeshinda akisikiliza vikohozi vya watu kwenye duka la dawa anakofanya kazi, alijikuta anacheka. Tijana, rafiki yake wa tangu chuoni, aliposhuka kwenye basi la Novi Sad aliwakuta wanafuta gauni pamoja.

"Shoga, nimechelewa nusu saa tu, umeshapata mchumba?"

Kijana aliitwa Ognjen. Aliwaalika waje kumsikiliza akipiga kesho yake, akachukua namba ya Dunja.

Jumamosi marafiki hao wawili walizunguka ngome ya kale ya mji, wakala nyama za kuchoma mpaka vidole vikang'aa mafuta. Ognjen alipiga simu mara tatu.

"Leo umevaa nini?"

"Gauni lisilo na mtindi."

"Basi nitakaa mbali nawe."

"Usikae mbali sana."

Jua lilikuwa bado halijazama walipoketi katika bustani ya baa kando ya mto. Bendi ilikuwa ya Radoje, mjomba wa Ognjen: tarumbeta tisa na ngoma moja kubwa. Ognjen alivaa shati jeupe na kizibao cha kutariziwa, na alipopuliza, Dunja alisikia kifua chake mwenyewe kikitikisika. Tijana alikuwa ameshapanda juu ya kiti, anacheza.

Ndipo likainuka jibaba moja, midomo imelowa mafuta ya kondoo. Lilitoa noti, likailamba polepole kwa ulimi mpana kutoka ncha hadi ncha, likambandika Ognjen kwenye paji la uso. Mate yalimchuruzika mpaka kwenye nyusi. Ognjen akatabasamu. Akapiga goti, akalipulizia lile jibaba sikioni kama mke anayebembeleza mume mlevi. Jibaba likalamba noti ya pili.

Dunja aligeuza uso. Alichukua mkoba wake akatoka.

Simu ilimkuta nyumbani.

"Umeondoka bila kuniaga."

"Nenda ukanawe uso."

"Dunja, hiyo ni desturi. Babu yangu alibandikwa, baba yangu alibandikwa. Unanichukia kwa mate ya mtu mwingine?"

"Mate yake hayanihusu. Kilichonitia kinyaa ni tabasamu lako."

Ognjen akakata simu.

Jumapili Tijana alimvuta kwa nguvu. "Kesho naondoka. Sikukaa kwenye basi kwa muda wa saa tano nije kukutazama umenuna. Bendi inapiga leo Niška Banja, hapo nje ya mji, twende."

Walifika mchana, wakasimama nyuma ya watu chini ya miti. Lile jibaba lilikuwepo, limeshaanza kulamba. Lilipounyoosha mkono, Ognjen aliishusha tarumbeta.

"Weka mkononi, bwana."

"Nini?"

"Mkononi. Au kwenye ngoma."

Jibaba liliikunja noti, likaisokomeza ndani ya mdomo wa tarumbeta, likatema mate chini na kuondoka na meza yake nzima. Radoje hakupaza sauti. Alimwambia mpwa wake avue kizibao.

Ognjen alishuka na shati lililolowa jasho. Alipomwona Dunja, hakutabasamu.

"Miaka tisa nimewachekea watu kama yule. Mke wa mjomba ana watoto wanne, wanakula kwa noti zile. Leo nimewaharibia."

Dunja alihisi kile kinyaa kikimgeukia mwenyewe. Mshahara wake ulimfikia kila mwezi katika bahasha safi, na kutoka nyuma ya kaunta yake alikuwa amempimia mtu heshima kama anavyopima dawa.

"Sikukwambia uache kazi," alisema.

"Hukuniambia. Nimechoka mwenyewe." Alimtazama. "Sasa sina bendi. Bado unataka kunijua?"

"Sijui," alisema Dunja, naye alisema kweli. "Umekula?"

"Tangu jana, hapana."

Alimshika mkono, uliokuwa bado unanata jasho, wala hakuufuta.

"Basi kwanza tule. Tijana, tangulia utafute meza."