Rudia, Latifa

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo tu: kwenye video ya Latifa, mdomo ulifunga na sauti ikaendelea kidogo.

Mwalimu Efrazia alidhani ni simu. Alikuwa mgeni Shume, ametokea Zirai muhula ule, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwafundisha darasa la sita kutengeneza video fupi. Mtoto anasimama mbele ya simu iliyofungwa kwenye fimbo, anataja jina lake, anaeleza namna ya kupanda viazi, basi. Watoto waligombea zamu, hata wale ambao kwa kawaida ukipata kwao neno moja kwa wiki una bahati.

Sasa, kwetu Shume ukungu ukishuka mtu haitwi jina wala hajitaji. Anapigiwa mluzi, naye anajibu kwa mluzi, na hakuna anayeuliza kwa nini. Mwalimu hakuambiwa, nani angewaza kumwambia mtu mzima jambo kama hilo? Siku ile darasani kulikuwa na giza, akamtoa Latifa nje, mgongo kwenye misonobari. Ukungu ulishafika kwenye uzio. Mtoto akasita. Mwalimu akaona ni haya tu, akamwambia ataje jina kwa sauti. Upepo ukaharibu, akamwambia arudie. Likapita trekta la magogo, akamwambia arudie tena. Mara ya tatu ilitoka safi, mwalimu akampigia makofi.

Latifa hakusema tena.

Hospitali walimmulika koo wakasema mzima. Mama yake, Mwanamisi muuza karoti, hakuwa na mtoto mwingine. Kila asubuhi alikuja shuleni, akasalimia kwa adabu, akaomba asikilizishwe video, na mwalimu kwa huruma akamfungulia. Kila walipoifungua, darasa lilinuka majani mabichi yanayoungua, wala hakuna aliyekuwa anachoma kitu, na sauti ilizidi kuendelea baada ya mdomo kufunga: kwanza jina, kisha majina ya wenzake kwa mpangilio wa daftari la mahudhurio, mpaka siku moja ikasema, "Mama."

Ndipo akaitwa mganga Idrisa. Alisikiliza mara moja tu, akailaza simu kifudifudi, akauliza nani alimwambia mtoto ajitaje, na mara ngapi. Efrazia akakiri: ni yeye, mara tatu.

"Kingeiba, ningekidai," Idrisa alisema taratibu. "Hiki hakikuiba, mwalimu. Kiliomba kwa mdomo wako, mtoto akatoa."

Hata ubani hakuuwasha. Alichosisitiza ni kwamba mama asiisikie tena sauti ile. Efrazia akaizima simu na kuifungia kabatini, akajiona amefanya la maana, masikini.

Alhamisi ukungu ulishuka saa nne asubuhi. Mwanamisi alikuwa amekuja kumchukua mwanawe, amekaa naye dawati la mbele, wanafunzi wengine wamejikunyata nyuma, na simu ingali imezimwa kabatini pale sauti ilipotoka nje kwenye misonobari, laini, ya mtoto aliyechoka kusubiri.

"Mama."

Mwanamisi akainuka. Efrazia akauwahi mlango.

"Usijibu, dada. Latifa huyu hapa."

"Namwona," alinong'ona Mwanamisi. "Mwezi mzima hajasema neno, mwalimu. Niache nimsikie."

"Mama nani?" ikauliza sauti. "Taja jina."

Latifa alikuwa ameng'ang'ania kanga ya mama yake kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, machozi yanamtoka bila mlio, na mwalimu naye aliogopa vibaya sana, akataka kupiga mluzi kama watoto walivyomfundisha baada ya Latifa kunyamaza, akakuta midomo imekauka na pumzi inatoka tupu, huku ile harufu ya majani ikipenya chini ya mlango, na Mwanamisi, aliyezaliwa palepale Shume na kuujua mwiko huo tangu akinyonya, akasema kwa sauti ya kubembeleza:

"Mwanamisi, mwanangu."

Kisha sauti ya Latifa ikasema, kwa upole uleule wa mwalimu siku ile, "Upepo umeharibu. Rudia."

Akarudia.

"Rudia tena, Mama."

Latifa akapanda juu ya dawati, akamziba mama yake mdomo kwa kiganja. Mwanamisi akakibusu kile kiganja, akakiondoa polepole, akavuta pumzi.