Nguvu Zilizoandikwa kwa Jina Langu

Nina umri wa miaka ishirini na sita, sijaolewa, na ninauza mitumba katika soko la Voi. Ukinunua blauzi kwangu hutajua kwamba miaka miwili iliyopita nilikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano, tena niliyetajwa kanisani kwetu Wusi kama fahari ya kijiji! Fahari gani...? Nivumilieni hadi mwisho, wasomaji wenzangu, ndipo mnihukumu.

Nililelewa na nyanya yangu pamoja na Mghoi, binti wa mama yangu mdogo. Nilimzidi mwaka mmoja tu. Tulilala kitanda kimoja na kugombania blanketi moja, na baiskeli tulijifunza pamoja kwa kutumwa maji na mitungi ikiwa imefungwa nyuma. Mtu aliyepanda milima ya Wusi na mtungi wa lita ishirini hahitaji kuambiwa mazoezi ni nini.

Tulipomaliza shule tulishuka Voi na kuingia klabu ya Mzee Swaleh. Mzee huyu ni fundi wa baiskeli, mtu wa asili ya pwani ambaye familia yake imekaa Voi tangu enzi za babu zake. Alitupenda kama wanawe. Alituazima baiskeli mbili za mashindano alizozifufua kwa mikono yake mwenyewe, na kila asubuhi tulimkuta mlangoni na birika lake la kahawa, akitukagua kuanzia kofia hadi viatu.

Siku moja mgeni aliyepita Voi akiendesha baiskeli kuelekea Taveta alimwachia Mzee zawadi. Zilikuwa pedali za kupima nguvu. Kwa macho ni pedali kama nyingine, lakini ndani yake mna kipimo kinachojua umekanyaga kwa nguvu kiasi gani. Nguvu hizo huhesabiwa kwa wati na kutumwa kwenye simu papo hapo.

"Saa yaweza kukudanganya, binti yangu, na upepo waweza kukubeba," Mzee Swaleh alituambia huku akizifuta kwa kitambaa. "Lakini hizi zapima mguu wako tu."

Masikini mzee wangu... hakujua mtu anaweza kudanganya hata hizo!

Pedali zilikuwa jozi moja, nasi tulikuwa wawili. Basi tulipokezana. Mghoi alikuwa na kabambe, simu ndogo ya vitufe isiyoweza kuzipokea habari za pedali, kwa hiyo simu yangu ndiyo iliyotumika kwa wote. Ndani ya simu kulikuwa na majina mawili, langu na lake. Kabla ya kupanda baiskeli ulichagua jina lako, na nguvu zako zikaandikwa hapo. Hivyo ndivyo tulivyoishi miezi mitatu, kwa kuaminiana, bila neno.

Kisha ikaja habari iliyotuvuruga. Timu moja ya huko bara ilikuwa ikitafuta msichana mmoja wa kumchukua kambini, kumlisha, kumfunza na kumpeleka mashindano ya nje. Mmoja tu! Walimwambia Mzee Swaleh awapelekee vipimo vya dakika ishirini za kupanda mlima. Mwenye nguvu zaidi ndiye angeitwa.

Tulikwenda Mwatate asubuhi, mahali barabara inapoanza kupanda kuelekea Wundanyi. Mzee alibaki dukani kwake Voi akingoja vipimo vifike kwenye simu yake. Mghoi alitangulia. Nilimfungia pedali kwa spana, akaitia simu yangu mfukoni mwa mgongo, akapotea kwenye kona ya kwanza. Aliporudi alikuwa anacheka peke yake, jasho limemlowesha kama aliyetoka mtoni.

"Dada, leo nimepanda mpaka nikaona nyota!" alisema, akanirushia simu, akalala kwenye nyasi.

Nikaitazama. Wati mia mbili na hamsini... Mimi sikuwahi kufikisha mia mbili na kumi na tano. Halafu nikaona jina lililokuwa juu ya ile namba. Lilikuwa jina langu! Tulikuwa tumesahau kulibadilisha tangu mazoezi yangu ya jana yake.

Hapo palihitaji neno moja tu. "Mghoi, tumekosea jina." Je, neno hilo lilikuwa zito kiasi gani? Lilinishinda! Nilimtazama amelala, kofia usoni, hana habari. Nikahamishia pedali kwenye baiskeli yangu. Kisha kwa kidole changu hiki hiki nikachagua jina la Mghoi, nikapanda mlima.

Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau. La pili lilikuwa langu, na nililifanya nikiwa na akili timamu.

Jioni hiyo Mzee Swaleh alinipigia makofi dukani mbele ya wateja. Mghoi alisomewa wati mia mbili na tisa. Aliniangalia, kisha akanikumbatia. Mimi nilidhani amenikumbatia kwa kutojua...

Furaha yangu ilidumu siku moja. Kesho yake Mzee alinipa ratiba mpya kutoka kwa wale wa timu, iliyopangwa kwa kipimo cha mia mbili na hamsini. Dakika hizi kanyaga wati hizi, dakika zile wati zile, na kila jioni vipimo vinatumwa kwao. Mungu wangu! Nilikuwa nimeiba mguu wa mtu, na sasa nilitakiwa kuutumia kila siku.

Nilikanyaga hadi nikatapika kando ya barabara. Simu ililia kila nguvu ziliposhuka chini ya kiwango, nayo ilikuwa ikilia safari nzima. Usiku magoti yalinichoma, asubuhi niliogopa kuigusa baiskeli. Ile njia ya Mwatate niliyoipenda tangu utotoni ikawa gereza langu. Ningemwambia nani? Wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, na ndiye niliyemwibia.

"Mbona wateremka, binti yangu? Wati zako zimekimbilia wapi?" Mzee aliniuliza. Nikasema ni malaria.

Mtu akishatumbukia, hutafuta shimo la ndani zaidi. Nilichunguza ile simu nikagundua kwamba huandikwa pia urefu wa krenki, ule mkono wa chuma unaoshika pedali. Ukiandika urefu mkubwa kuliko ule wa kweli, wati nazo hupanda bila wewe kukanyaga zaidi. Nikaandika uongo. Namba zikapendeza, mzee akatabasamu, wale wa timu wakatuma barua ya kuniita. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi niliyejua kwamba sikuweza kurudi nyuma tena!

Na Mghoi? Pedali zikawa zangu peke yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyechaguliwa. Alimrudishia Mzee Swaleh baiskeli yake, ameifuta safi na kuitia mafuta mnyororo, akaenda Mboghoni kwa shangazi yake kufanya kazi ya shamba la ndizi. Nilisikia anabeba mikungu kwa baiskeli nzito ya mizigo hadi sokoni Taveta. Miguu ile... kubeba ndizi! Nililia siku nzima, lakini simu ya kumwambia ukweli sikuipiga.

Kabla sijasafiri, nyanya alisema siondoki bila kutasa. Kwetu Dawida, huku milima ya Taita, mtu akitaka kwenda safari kubwa, jamaa zake hukusanyika. Kila mmoja hutia kinywaji mdomoni, hukitema chini, na kwa maneno hutoa hasira au kinyongo alichonacho moyoni, ili kisimfuate msafiri. Ukiwa na jambo ndiyo saa ya kulitoa. Nyanya ni mlokole siku hizi, hagusi pombe, akasema tutatumia maji na Mungu ataelewa.

Alimwita Mghoi kutoka Mboghoni. Alikuja na viganja vimepasuka, amebeba ndizi za safari yangu.

Zamu yake ilipofika alichota maji kwa kikombe cha bati, akayashika mdomoni muda mrefu kuliko wote. Kisha akayatema kwa nguvu. "Kama niko na kitu kwa roho juu ya dada yangu, kitoke na hii maji," akasema. "Aende salama. Afike."

Kikombe kikanijia mimi. Nyanya akanitazama usoni. "Na wewe, Wakesho? Hauna kitu?"

Maji yalikuwa mdomoni. Ukweli nao ulikuwa hapo hapo, nyuma ya meno. Jamaa zangu wote walikuwa wamenizunguka, na mzigo wangu ulikuwa umeshafungwa mlangoni. Nikayameza! Nikayameza yale maji, nikainama na kutema mate kidogo ili waone nimetema. Nikasema sina neno na mtu.

Kambini nilidumu siku nne. Hawakuzitaka pedali zangu. Waliniweka juu ya baiskeli isiyotembea, yenye kipimo chao wenyewe, wakaniambia nikanyage dakika ishirini. Kocha alisimama mbele yangu na karatasi ya vipimo vilivyotumwa kutoka Voi. Namba ilikataa kupanda. Nilikanyaga, nikalia, nikakanyaga huku nalia... haikupanda! Wakaomba kuona pedali zangu, wakafungua simu, wakaukuta ule urefu wa krenki niliouandika.

"Nani aliandika hii?" kocha aliuliza kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko kofi. Nikasema ni mimi.

Ningeadhibiwa mimi peke yangu ningeshukuru. Lakini walimwandikia Mzee Swaleh kwamba hawatapokea tena msichana yeyote kutoka kwake, kwa sababu vipimo vyake haviaminiki. Yeyote! Nilipoingia dukani hakunitukana. Alinimiminia kahawa.

"Nilikuwa nataka kuwapelekea Mghoi badala yako," alisema. "Sasa hata yeye hawamtaki. Zichukue pedali hizi, zipeleke kwa mwenye nguvu zake."

Kumbe hata yeye alikuwa ameshaunganisha mambo: kama zile mia mbili na hamsini hazikuwa zangu, zingekuwa za nani?

Nilifika Mboghoni mchana wa jua kali. Mghoi alikuwa kando ya mfereji akifunga mikungu kwenye baiskeli kwa kamba za mpira. Nilipiga magoti kwenye tope. Nikamweleza yote, la jina na la krenki, nikimwekea pedali miguuni pake. Hakuacha kufunga kamba.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Dakika ishirini zangu ziliisha pale juu kwa mama wa viazi. Zako ziliisha chini yake, pale kwa kalivati, barabara inapoonekana tena; nilisimama nikakuona ukisimamisha baiskeli. Sasa aliyefika mbali ndiye ako na nguvu kidogo? Mimi si mjinga, dada."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Nikangoja siku hiyo, nikangoja mpaka siku ya kutasa." Akaukaza mkungu wa mwisho. "Siku hiyo niliyatema yangu yote, nikabaki mwepesi. Lakini nilikuona, Wakesho. Wewe yako ulimeza."

Akapanda baiskeli. Pedali za kupima nguvu alizikwepa kwa gurudumu, akakanyaga kuelekea Taveta na mikungu sita nyuma yake, akiwa wima kama hana mzigo.

Wasomaji wenzangu, huu ni mwaka wa pili. Mghoi hunisalimia tukikutana kwa nyanya, hunipakulia chakula, hana kinyongo. Nami nawasihi, hasa nyinyi vijana mnaopimwa kwa namba za shule, za kazi na za michezo... usikubali kamwe sifa iliyoangukia jina lako kwa makosa! Irudishe siku hiyo hiyo, ingali neno moja tu. Ukiiacha ilale, utaitumikia kila siku kama mtumwa, na atakayelipa ni mtu uliyelala naye kitanda kimoja.

Pedali ninazo bado, chini ya meza yangu ya mitumba. Nyanya amesema nikiwa tayari kutasa atawaita jamaa tena, kikombe cha bati kipo. Nimekwenda Wusi mara tatu kwa ajili hiyo. Kila mara maji yakifika mdomoni, koo langu linayameza lenyewe.