Alama ya Tano

Jambo la kwanza lilikuwa dogo, la kuchekesha hata: alama moja ya wino ilikataa kukauka.

Karani wa mafaili wa wodi ya magonjwa ya akili aliigundua Jumatano baada ya chakula cha mchana, alipofungua faili la mdogo wake na kidole gumba kikatoka kimeloa. Alama ile aliitia yeye mwenyewe Jumapili. Akailaumu kalamu, akakilaumu kiwanda cha kalamu, kisha akajifuta kwenye soksi, maana soksi haina mtu wa kuikagua.

Kazini walimwita Profesa. Udaktari hakuusomea hata siku moja. Alikuwa amekaa tu miaka kumi na tisa jirani na kile kitabu kinene kinachopanga maradhi ya akili kwa mafungu na namba, mpaka akakijua kama mtu ajuavyo ugomvi wa nyumba ya pili. Ukimpa namba, atakupa ugonjwa. Ukimpa ugonjwa, atakupa dalili zake. Ukimpa chai, atakupa na hotuba.

Mdogo wake alikuwa fundi cherehani, wa mwisho kuzaliwa, na kwao walimwita Kitinda. Alifiwa na mume, na huu ulikuwa mwezi wa nne cherehani imefunikwa shuka. Halali usiku. Hali chakula. Hakuna kinachompendeza. Anajilaumu kwa kifo asichokisababisha. Profesa akamleta mwenyewe wodini, lakini fomu ya kupokelea wagonjwa pale ilikuwa na dalili tisa, na kitanda hupewa anayefikisha tano. Kitinda alikuwa nazo nne.

Daktari alikuwa mmoja kwa wagonjwa sitini, kwa hiyo karani ndiye aliyejaza fomu baada ya kumhoji ndugu wa mgonjwa. Jumapili ile karani ndiye aliyekuwa ndugu. Akajihoji, akajijibu, na kwenye mstari wa tano, palipoandikwa *Husikia sauti ya mtu asiyekuwepo*, akatia alama ya vema. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kinachompata anayeyaongeza.

Jumatano hiyohiyo alimpelekea uji. Kitinda akamvuta mkono wa shati.

"Kaka, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nyuma ya ukuta huo."

"Sasa mbona uliniita ukiwa chini ya kitanda?"

Profesa akacheka, kwa kuwa kicheko ndicho chombo pekee alichokuwa nacho karibu. Akainama kutazama. Ndala na vumbi, basi. Lakini palikuwa na harufu ya wino mbichi, na chini yake harufu nyingine, kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.

Tangu siku ile mambo yakaenda mbio. Sauti, alivyoeleza Kitinda, ilikuwa ya kaka yake hasa, na kile kikohozi chake cha kusafisha koo kabla ya kusema kikiwamo, na ilikuwa ikimsomea fomu. Ilisoma dalili ya sita Alhamisi asubuhi, na kufika adhuhuri mikono ya Kitinda ikawa inatetemeka hata kijiko hakikai; ikasoma ya saba, akalisahau jina la mumewe; ikasoma ya nane, akaanza kuwaogopa wenye makoti meupe, kisha mashuka meupe, kisha ukuta. Daktari aliandika sonona, akaikata. Akaandika skizofrenia, akaikata nayo. Jumamosi akakaa akigeuza kurasa za kile kitabu mbele na nyuma, kama anayetafuta ukurasa ulionyofolewa. Mwishowe akasema Jumatatu gari litampeleka hospitali kubwa, kwenye wodi ya milango miwili, ambako ndugu huingia mara moja kwa mwezi.

Dalili ya tisa ilihusu mtu kuchoka kuishi.

"Hiyo, mwenye sauti kasema ataisoma Jumatatu, garini," Kitinda alinong'ona. "Kasema wewe hutakuwepo."

Maji yalikuwa yamemfika Profesa puani. Akaenda chumba cha kufulia, alikokuwa nesi mkongwe ambaye kila mtu, daktari akiwamo, alimwita Mama Wodi. Akaungama huku akikunja foronya moja mara saba. Mama Wodi alisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka thelathini na moja, mwanangu, nimewauguza watu wanaosikia sauti, na sijamwambia hata mmoja kuwa ana jini. Wale wanaumwa. Tunawatibu, wanarudi makwao. Ila sauti anayoisikia mdogo wako si ugonjwa, hiyo imeitwa. Umetenga nafasi, ukaiandika, ukatia sahihi. Kitu kimepita, kimeona nafasi wazi, kimeingia."

"Kinatokaje?"

"Uongo hufutwa na aliyeuandika, mbele ya aliyeandikiwa. Na kwa mdomo. Kalamu peke yake haitoshi."

"Watanifukuza kazi, Mama."

"Wakufukuze. Wewe ulitaka nini, nikufukizie ubani?"

Jumatatu saa mbili asubuhi, jua likiwa limejaa chumba cha mahojiano na gari likinguruma nje, daktari alikuwa na kalamu juu ya barua ya uhamisho. Kitinda alikuwa amejikunyata kitini, mgongo kwa ukuta. Mama Wodi alisimama mlangoni. Profesa akaliweka faili mezani, akasafisha koo, akafungua mdomo kusema, na sauti yake ikatangulia kusema, tulivu, ya kikazi, kutoka kwenye kabati la mafaili nyuma ya daktari, *ni kweli, daktari, mgonjwa anasikia, mimi ndiye ndugu yake nathibitisha*, na daktari akaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiye Profesa aliyesema, na Profesa akahisi ulimi wake umelala kinywani kama soksi iliyoloa, na ile harufu ya pasi ikapanda, na sauti ikasafisha koo lake, koo la Profesa, ikaanza kusoma polepole, bila kulingoja gari, *dalili ya tisa*, na Kitinda akayageuza macho kuelekea dirishani, kwenye gari, kwa utulivu ambao ulimtisha kaka yake kuliko mayowe yoyote.

"Nilidanganya," Profesa akasema. Neno lilitoka kama tapishi. "Ya tano sikuiona. Niliiandika mimi, ili apate kitanda. Kitinda, nisamehe. Nilidanganya."

Akachukua kalamu, akaikata alama ile mpaka karatasi ikachanika.

Kabati likalia mlio mmoja, kama bati likipoa. Halafu kimya.

"Kaka," Kitinda akasema, "nani kazima redio?"

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akimwita mumewe kwa jina. Gari likaondoka tupu. Daktari akaandika sonona, safari hii hakuikata, na kitanda akamwachia kwa amri yake mwenyewe. Kwa vidonge, na mazungumzo, na Mama Wodi kumsimamia kijiko kwa kijiko, wiki ya sita Kitinda akauliza kama cherehani yake ina mafuta. Siku ya kumrudisha nyumbani ikapangwa iwe Ijumaa, na wa kumchukua alikuwa mmoja tu.

Profesa hakufukuzwa. Utaratibu ulimtaka apimwe kwanza, ionekane kama anafaa kuendelea na kazi. Alhamisi akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia Kitinda, daktari akichukua fomu mpya. Usingizi? Si mbaya. Chakula? Tumbo hili unaliona, daktari. Wakacheka wote wawili.

"Ya tano. Unasikia sauti ya mtu asiyekuwepo?"

Kisogoni pake pakapata joto, kama pasi iliyosogezwa karibu. Mtu akasafisha koo.

*Mwambie hapana*, ikasema sauti yake mwenyewe, kwa upole. *Ukisema ndiyo, kesho nani atamchukua Kitinda?*

Profesa alilitazama lile kabati. Alijua uongo mmoja unatosha kufungua nafasi. Akamfikiria Kitinda, amekaa kitandani na mfuko wake tayari miguuni.

"Hapana," akasema.

Daktari akatia alama, akaipuliza. Akasubiri, akaipuliza tena.

"Kalamu hizi," akasema, akitazama kidole chake. "Hazikauki."